Umemaliza kozi ya gita la besi? Haya ndiyo mambo ya kujifunza sasa

KOZI imeisha. Nyuzi zote nne unazijua kwa majina: E, A, D na G. Vidole havikuumi tena kama wiki ya kwanza. Skeli moja au mbili unazipiga, na kuna nyimbo kama tatu hivi ambazo ukiwekewa video unazifuata hadi mwisho bila kupotea. Hongera, kwa kweli.

Halafu siku moja beshte yako anakualika mazoezini. Mpiga kinanda anakugeukia na kusema, “Tunaingia na G, twende.” Hakuna video. Hakuna namba zinazopita kwa skrini. Watu wanne wanakuangalia wewe. Utapiga nini?

Hapa ndipo wengi hukwama. Gita linarudi kwa begi, begi linaenda nyuma ya mlango, na baada ya miezi michache unaliona mtandaoni likiuzwa “kama jipya.” Mwenyewe atakuambia hana kipaji. Lakini mara nyingi shida si kipaji. Kozi ya mwanzo hukufundisha kushika ala. Kupiga muziki na watu wengine ni somo tofauti, na hilo hakuna aliyekuambia linaanza lini.

Basi linaanza sasa. Hivi ndivyo ungelipanga.

Ijue shingo ya gita kama mtaa wako

Mtu wa Kayole hahitaji ramani kwenda dukani. Nawe hufai kuhesabu vidole kila unapotafuta noti ya C. Kazi ya kwanza baada ya kozi ni kukariri noti zote kwenye uzi wa E na uzi wa A, kuanzia uzi ukiwa wazi hadi freti ya 12. Ukifika ya 12, majina yanaanza upya, kwa hivyo kazi si kubwa vile inavyoonekana. Noti ni 12 tu kwa jumla, halafu zinajirudia.

Njia rahisi ni kuchukua noti moja kwa siku. Leo ni G. Itafute kwa uzi wa E (freti ya 3), kwa uzi wa D (freti ya 5), kwa uzi wa A (freti ya 10) na kwa uzi wa G wenyewe ukiwa wazi. Itaje kwa sauti kila unapoigusa. Kesho chukua C. Wiki mbili zikiisha, mtu akitaja noti mkono utaenda wenyewe.

Ukishajua noti iko wapi, jifunze majirani wake. Hapa gita la besi ni rafiki sana, kwa sababu umbo moja linafanya kazi kila mahali. Weka kidole kwa noti yoyote ya uzi wa E au A. Panda uzi mmoja na usonge freti mbili mbele: hiyo ni noti ya tano yake. Panda uzi mwingine, freti ileile ya pili mbele: hapo ni noti uliyoanza nayo, ila ya juu. Noti ya kwanza, ya tano na ya juu. Ukiwa na hizo tatu pekee unaweza kusindikiza wimbo mzima kanisani na hakuna atakayelalamika.

Namba tatu zinazobeba nyimbo nyingi

Kama uliwahi kuimba kwaya shuleni, tayari una mtaji. Zile do, re, mi ulizopigiwa kelele na mwalimu ndizo wapigaji huziita kwa namba: do ni moja, fa ni nne, so ni tano, la ni sita. Nyimbo nyingi sana za rumba, benga, reggae na za kanisani zinasimama juu ya kodi tatu (na si ile ya KRA): moja, nne na tano.

Rudi sasa kwa yule mpiga kinanda wako. Amesema G. Moja ni G, uzi wa E freti ya 3. Nne ni C, freti ileile ya 3 ila uzi wa A. Tano ni D, freti mbili mbele kwa uzi huohuo wa A. Umeona? Vyote viko mahali ambapo mkono hauhitaji kusafiri. Na mwimbaji akisema mhamie A, unasogeza umbo lote freti mbili mbele na maisha yanaendelea.

Hii ndiyo sababu wapigaji wa bendi hawaitani kwa majina ya noti wakiwa jukwaani. Kiongozi anainua vidole vinne, kila mtu anaenda kwa nne. Jifunze lugha hiyo mapema. Baada ya hapo ongeza noti ya tatu ya kila kodi, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kodi inachangamka au inahuzunika. Kwa kodi iliyochangamka, noti ya tatu iko uzi wa juu yake, freti moja nyuma. Kwa ile ya huzuni, rudi nyuma freti moja zaidi.

Masikio kabla ya macho

Ile michoro ya namba inayokuonyesha uweke kidole wapi ni msaada mzuri wa mwezi wa kwanza. Ukiizoea sana inakuwa kama mkongojo: siku haipo, huwezi kutembea. Jipe sheria hii: kila wiki, wimbo mmoja utoe mwenyewe kwa masikio.

Chagua wimbo rahisi. Usikize mara tatu bila kugusa gita. Mara ya nne, imba sehemu ya besi kwa mdomo, “dum, dum-du-dum,” hata kama sauti yako inatisha majirani. Kitu usichoweza kuimba, vidole vyako haviwezi kukikisia. Kisha tafuta noti ambayo wimbo unatulia juu yake, ile ambayo ukiisikia unahisi umefika nyumbani. Hiyo ndiyo moja yako. Kuanzia hapo jaribu nne na tano, na utashangaa ni mara ngapi utakuwa sawa.

Mambo mawili ya kiufundi yatakusaidia. Kwanza, tumia earphone. Uzi wa E wa gita la besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Watu wengi hudhani hawana masikio ya muziki, kumbe wanasikiliza besi ambayo simu yao haipigi. Pili, YouTube inakuruhusu kupunguza kasi ya video hadi nusu. Punguza, shika sehemu moja, rudisha mwendo kidogo kidogo.

Saa yako ndiyo kazi yako

Mpiga gita la solo akikosa noti moja, watu husema ni mbwembwe. Mpiga besi akikosa mpigo mmoja, watu wanaacha kucheza. Hawajui kilichotokea, lakini miguu imejua.

Kwa hivyo metronomu si adhabu. Ziko za bure kwa simu. Anza na mipigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila mpigo, dakika tatu bila kusimama. Inaonekana rahisi hadi ujaribu. Ukizoea, fanya jaribio hili: weka metronomu kwa 40, kisha ujifanye kila mlio ni mpigo wa pili na wa nne. Hapo wimbo wako unaenda kwa kasi ya 80, na ule mpigo wa kwanza ni juu yako, hakuna anayekushikia. Ukiweza kukaa hapo dakika mbili, umepiga hatua kubwa kuliko kujifunza skeli tano mpya.

Jirekodi kwa simu, hata kama hupendi. Ukipiga, unasikia ulichokusudia. Ukirekodi, unasikia ulichopiga.

Halafu jifunze kunyamazisha. Uzi ukimaliza kazi uzime, kwa kiganja au kwa kidole cha mkono wa kushoto. Urefu wa noti ni sehemu ya mdundo. Noti mbili zilizokatwa vizuri zinachezesha watu kuliko noti nane zinazovuma ovyo. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walishaliona hili kabla ya amplifaya kufika.

Sikiliza watu wa nyumbani

Kozi nyingi za mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya roki na funki za Marekani. Hakuna ubaya. Gita la besi la umeme lenyewe lilipata umaarufu huko, baada ya Leo Fender kuanza kuuza Precision Bass mwaka wa 1951. Lakini ukiitwa kupiga harusi Kisumu au Machakos, hawatakuomba funki.

Anza na rumba. Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika. Bendi hiyo iliundwa Nairobi mwaka wa 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, na aliyeshika besi ni Tom Malanga. Usisikilize maneno, unayajua tayari. Sikiliza vile besi inavyoacha nafasi, inasema kidogo halafu inanyamaza, na magita mengine yanajibu. Kisha panda hadi Congo, kwa TPOK Jazz ya Franco, umsikilize Flavien Makabi. Wimbo unaweza kwenda dakika kumi kwa mstari mmoja wa besi, na hauchoshi. Kupiga kitu kimoja kwa dakika kumi bila kukimbia wala kulegea ni mtihani mgumu kuliko solo yoyote.

Nenda kwa benga. Huku besi haikai nyuma, inarukaruka mbele pamoja na ngoma ya mguu, na mwendo wenyewe ni wa kasi. Chukua D.O. Misiani na Shirati Jazz, au Victoria Jazz. Kama mkono wako wa kulia bado unapiga kwa kidole kimoja, benga itakulazimisha kutumia viwili, kimoja baada ya kingine, bila kuruka zamu.

Reggae unaisikia kila siku kwa matatu, lakini je, umewahi kuihesabu? Kwenye nyimbo nyingi za mtindo wa one drop, mpigo wa kwanza unaachwa mtupu na uzito wote unaangukia wa tatu. Aston Barrett wa The Wailers, aliyefariki mwaka wa 2024 na aliyejulikana kwa jina la Family Man, ni mwalimu tosha. Jaribu kupiga besi yake huku ukihesabu kwa sauti. Ukipotea, ndiyo somo lenyewe.

Ukitaka kuona Waafrika waliofika mbali na ala hii, msikilize Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon, ya mwaka wa 1986, au Richard Bona wa Cameroon. Wote wawili walienda duniani na lafudhi ya nyumbani.

Slapu ingoje kidogo

Najua. Umeona mtu TikTok akichapa nyuzi kwa kidole gumba, na hicho ndicho kilikufanya upende besi. Hakuna anayekukataza. Lakini fahamu ilikotoka. Larry Graham wa Marekani, anayetambuliwa kama mwanzilishi wa mtindo huo kwenye besi ya umeme, alikuwa akipiga na mama yake bila mpiga ngoma. Akaanza kuchapa nyuzi kwa kidole gumba na kuzivuta kwa kingine ili kujaza pengo la ngoma. Yaani mtindo ulizaliwa na hitaji la bendi. Haukuwa wa kujionyesha.

Ndiyo maana unafaa kuujifunza wakati saa yako imekaa sawa. Slapu bila saa ni kelele tu. Vivyo hivyo na gita la nyuzi tano. Uzi wa B ni mtamu kanisani, lakini ule wa nne bado haujaumaliza. Pesa hizo zitunze kwanza. Seti mpya ya nyuzi, kebo isiyokatakata na mkanda mpana utakufaa zaidi sasa hivi. Na kama gita lako linatumia betri, chomoa kebo kila unapomaliza, la sivyo betri inaisha hata ukiwa umelala.

Kwa wale wanaoishi ploti, ushauri wa bure: sauti nzito hupenya ukuta. Jirani anaweza asisikie kinanda chako, lakini besi ataihisi kwa godoro. Kuna amplifaya ndogo za kuchomeka earphone ambazo zitakuepusha na keateka. Na stima ikipotea, usiache. Besi isiyochomekwa bado ina sauti ya kutosha mtu mmoja chumbani.

Tafuta mpiga ngoma

Hili ndilo somo ambalo hakuna video itakupa. Mpiga besi na mpiga ngoma ni kama dereva na kondakta. Wasipoelewana, gari halifiki. Tafuta mtu mmoja anayejifunza ngoma, kanisani, shuleni ama mtaani, mkutane mara moja kwa wiki. Msikize mguu wake wa kulia. Kila anapokanyaga, weka noti yako palepale. Fanyeni hivyo nusu saa kwa mdundo mmoja. Itachosha, halafu ghafla itakuwa tamu, na utaelewa kwa nini watu wazima wamepiga ala hii miaka 40 bila kuiacha.

Ukiingia kwa bendi, heshima ni sehemu ya muziki. Fika mapema, gita likiwa limeshatuniwa. Usipige wakati mwingine anapanga sauti yake. Usijiongeze sauti kila wimbo, maana ngoma ivumayo sana hupasuka. Waliokutangulia waamkue, waulize, uwabebee hata spika. Kazi nyingi za muziki hazitangazwi popote. Mtu anauliza, “Mnajua kijana wa besi mwenye hafanyi madharau?” na jina moja linatajwa.

Na pesa je?

Tuongee ukweli. Wanaopiga magita ya solo ni wengi, waimbaji ni wengi zaidi, lakini bendi na kanisa vinavyotafuta mtu wa besi anayeaminika haviishi. Hiyo ni nafasi. Lakini nafasi inaweza pia kukunyonya, kwa sababu wewe ndiwe unasimama nyuma.

James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kule Detroit, ambazo dunia nzima iliziimba. Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye sahani hizo. Watu walijua waimbaji, hawakumjua yeye. Hadithi hiyo haijazeeka. Kwa hivyo kabla hujaingia studio ama jukwaani, elewaneni: ni pesa ngapi, zinalipwa lini, nauli ni ya nani, na jina lako litaandikwa ama vipi. Iandike hata kwa WhatsApp. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inawatambua wanaotumbuiza, na kuna chama kinachokusanya mirabaha kwa niaba yao. Mpiga besi aliyerekodi wimbo ni mtumbuizaji. Weka rekodi ya kila wimbo ulioupiga, tarehe na studio.

Kusoma noti je? Kwa bendi za mtaani unaweza kuishi bila hilo. Lakini ukitaka kazi za maigizo ya jukwaani, bendi za kikosi ama kusomea muziki chuoni, utahitaji. Kenya Conservatoire of Music, iliyoko Nairobi tangu mwaka wa 1944, ni mojawapo ya mahali pa kuuliza. Mitihani ya ngazi kama ya Trinity na Rockschool pia ina upande wa gita la besi, kama wewe ni mtu wa kupenda cheti.

Nusu saa, wiki 12

Huhitaji saa nne kwa siku. Una shule, una kazi, una foleni ya Jogoo Road. Nusu saa inatosha ikiwa ni ya kila siku. Dakika 10 za kwanza ni za noti na metronomu. Dakika 10 ni za kutoa wimbo kwa masikio. Dakika 10 za mwisho piga kitu unachokipenda tu, bila masharti, ili usisahau kwa nini ulinunua hili gita.

Wiki nne za kwanza, maliza uzi wa E na wa A, na moja-nne-tano katika G, A, C na D. Wiki nne zinazofuata, toa nyimbo nne: rumba moja, benga moja, reggae moja na wa kanisani ama wa Kenya wa siku hizi. Wiki nne za mwisho, usipige peke yako zaidi ya unavyolazimika. Tafuta yule mpiga ngoma. Ukimkosa, kwaya yoyote yenye kinanda itakukaribisha.

Wiki ya 12 ikifika, hutakuwa Richard Bona. Lakini mtu akisema “tunaingia na G,” kidole chako kitakuwa tayari kiko kwa freti ya tatu, na wewe ndiwe utauliza, “Kwa mwendo gani?”